Mlima Ambao Haukuenea Kwenye Karatasi

Kazini walimwita Dakika Tano, na hakuchukia. Alikuwa mchora ramani wa kampuni ya kuuza viwanja, na katika ramani zake kila kiwanja kilikuwa dakika tano kutoka barabara ya lami. Uongo wa maneno hakuupenda. Hata nyumbani aliwakanya wanawe. Lakini ramani, alisema, haisemi kitu, inaonyesha tu. Barabara aliichora nene na nyekundu, ikatuna kama mshipa wa shingo. Kinamasi alikipaka kijani kibichi, mteja akaona bustani. Hospitali aliisogeza kidogo, kwa adabu, kama mtu anayempisha mgeni kwenye benchi. Na pale chini kabisa, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, aliandika: "Vipimo si halisi."

Ramani aliyoichora kwa moyo kuliko zote ilikuwa ya mama mkwe wake. Mama huyo alikuja kumsalimia binti yake kwa wiki moja, na sasa miezi minane ilikuwa imepita. Alikalia kiti cha Dakika Tano, kile kinachotazamana na televisheni, naye Dakika Tano akawa anasikiliza taarifa ya habari jikoni, amesimama. Mkwe hafukuzwi. Mkwe hushawishiwa.

"Kiwanja chenyewe ni hiki, mama," alimwambia, akimwekea ramani mapajani. "Hapa sisi, hapa wewe. Pua na mdomo."

Mama mkwe akapima kwa kidole gumba. "Kutoka hapa hadi sokoni ni gumba moja. Kutoka sokoni hadi kwangu ni kucha tu. Basi twende kwa miguu, mwanangu."

"Kwa miguu, mama?"

"Kucha moja itanishinda?"

Waliondoka baada ya chai ya asubuhi. Sokoni walifika kwa robo saa. Ile kucha iliwachukua saa mbili na nusu. Ile bustani ya kwenye ramani iliwafika magotini kwa tope. Walipotoka humo wakakutana na mlima, mtupu, wa mawe, na juu yake mbuzi mmoja aliyewatazama kwa huruma.

Mama mkwe aliitazama ramani, akautazama mlima, akamtazama mkwewe.

"Mwanangu, huu uliuweka wapi?"

"Haukuenea kwenye karatasi, mama."

"Na ulivyo mkubwa hivi."

"Ndiyo sababu, mama."

Akaikunja ramani, akapanda. Upande wa pili wakakikuta kiwanja: nguzo nne fupi za saruji, na upepo. Dakika Tano alijifuta jasho akingoja hukumu. Mama mkwe alizizunguka nguzo zote nne. Hakukuwa na mtu wala dalili ya mtu.

"Patanifaa," akasema. "Wale wadogo zangu wanne hawatafika huku. Wakija kwangu huja na mabegi, na kuondoka hawajui. Nichoree ramani nyingine ya kuwapa. Safari hii chora kweli tupu."

Dakika Tano akachora. Alitumia rula. Kinamasi kilikuwa na tope, mlima ulikuwa na mawe yake yote, na juu aliandika kwa herufi kubwa: mwendo wa saa tatu. Wenzake ofisini walipoiona waliuliza kama kampuni inafungwa.

Nyumba ya vyumba viwili ikajengwa, mama mkwe akahama. Dakika Tano alikaa kwenye kiti chake siku kumi na mbili.

Huko mjini, wale wadogo wanne waliitandaza ramani mezani.

"Saa tatu," akasoma mkubwa wao.

"Nani kachora?"

"Si yule mkwe wa dada, Dakika Tano?"

Wakacheka hadi mmoja akashika mbavu. "Huyo anatuficha dada yetu. Akisema saa tatu, ujue ni hapo nyuma ya soko. Na huo mlima kautoa kichwani kwake."

Wakavaa kandambili, wakafunga mabegi, wakaenda kumshtukiza.

Siku ya kumi na tatu, hodi ikapigwa kwa Dakika Tano.

"Shikamoo, mama. Kulikoni?"

"Marahaba. Wamekuja wote wanne. Miguu imewavimba, mlima hawawezi kuushuka leo wala wiki ijayo. Wamejaa kitandani kwangu." Akavua viatu mlangoni, akapita moja kwa moja hadi sebuleni. "Mimi mlima nimeshauzoea."

Dakika Tano akainuka kwenye kile kiti.