Forfait ya Tatu

Wiki iliyopita, katika duka la dawa hapa Butembo, mteja mmoja alifungua kikopo cha mafuta ya kuchua ili ayanuse. Harufu ile kali ya kafuri ikanichukua hadi uani kwetu, mtaa wa Mususa, kwenye asubuhi za ukungu, nikiwa na miaka minane. Nikasahau kabisa dawa niliyoifuata.

Ilikuwa harufu ya Ya Deziré, yaani kaka Deziré, kipa wa timu yetu, aliyepanga chumba nyuma ya nyumba yetu. Msimu ule timu ya mji ilikuwa imepanda ligi kuu ya taifa, na mimi niliamini nchi nzima inatutazama kwa sababu ya mtu huyu, ambaye soksi zake zilianikwa kamba moja na magauni yangu. Asubuhi alikaa mlangoni akijichua magoti, nami nikikaa karibu tusikilize redio. Lubumbashi, Mbuji-Mayi, Kinshasa. Niliiona miji ile ikielea juu ya ukungu, kila mmoja na uwanja wake wa majani mabichi, na Deziré akiruka polepole, polepole, bila kutua.

Kwenda huko, timu ilipandia ndege Beni. Mama yake aliishi Beni, na kila siku ya safari alisimama kando ya barabara na ndizi za kuchoma, akampa mwanawe dirishani, basi likipunguza mwendo tu. Ndivyo walivyoonana msimu mzima.

Halafu barabara ya Beni ikafungwa. Wazazi walishusha sauti walipoizungumzia, na sisi watoto tukatumwa nje. Redio ilisema tu kwamba timu yetu imepoteza kwa forfait. Mechi iliyofuata, forfait tena.

“Ingine moja tu, Kavira,” Deziré aliniambia, “na batatutosha mu championnat.” Yaani watatutoa kwenye ligi.

Acheni nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka. Redio ilimaanisha kupoteza mechi kwa kutofika uwanjani; kwetu forfait ilikuwa ile unayoingiza kwenye simu ili upate dakika za kuongea. Mama yangu aliuza kadi zake chini ya mwavuli, karibu na parokia. Kwa hiyo nilielewa vizuri kabisa: timu imeishiwa forfait, haiwezi kuwapigia wapinzani kuwaambia inakuja. Ligi inatuponyoka kwa kukosa kadi, na mama anazo kisanduku kizima! Nilichomoa moja, nikaificha ndani ya soksi.

“Forfait njo hii, Ya Deziré. Sasa muende kucheza.”

Aliitazama kadi, akanitazama mimi. Niliogopa atacheka. Hakucheka.

“Aksanti, Kavira. Hii itaenea,” akasema, yaani itatosha.

Akaikwaruza kwa ukucha, akabonyeza namba, akageukia ukuta.

“Mama, hapana kuningoja tena ku barabara. Hatutapita.” Akasikiliza jibu. “Ndiyo, mama. Najua ndizi ziko tayari. Rudia nyumba.”

Jumapili redio ikatangaza forfait ya tatu. Tukatolewa. Nililia mpaka nikapata kwikwi, kisha nikamkasirikia Deziré: kadi ya timu nzima ameitumia kumpigia mama yake! Sikumsemesha tena. Alipohama, alinipungia mkono kutoka getini, nami nikajifanya nafua leso. Hilo linaniuma hadi leo.

Mama yangu, aliyejua habari ya kadi tangu siku ileile, alinieleza nilipokuwa msichana mkubwa. Mechi ziliposimama, Deziré hakuwa na hata inite, salio la simu, ya kubipu, na hakuna aliyemwambia mama yake kuwa basi halitoki. Kila siku ya mechi mama yule aliendelea kuchoma ndizi na kwenda kusimama kando ya barabara ile, ileile ambako watu walikuwa wakiuawa, iliyowafanya wazazi wetu washushe sauti. Siku niliyopeleka kadi, alikuwa tayari amesimama hapo.

Nilitaka kuiokoa timu. Deziré aliniambia kadi itaenea, na mimi nikamwona mwongo. Ilienea. Mama yake alirudi nyumbani.