Miguu ya Risasi

Fundi mwashi wa kijiji aliitwa Vumbi, jina alilojipa mwenyewe kabla watu hawajamtafutia baya zaidi. Ujanani alikimbia mbio ndefu, na katika kila mbio alikula vumbi la rafiki yake, Risasi. "Hata mimi nilikuwa bingwa," huwaambia wateja huku akipanga matofali. "Bingwa wa kutazama mgongo wa mtu."

Risasi alipofariki, kijiji kiliamua kumjengea sanamu kando ya lami, kwenye kona ambako wawili hao walizoea kufanyia mazoezi. Kazi akapewa Vumbi. Hakuwahi kujenga kitu chenye pua, lakini alikubali papo hapo, maana alimpenda yule bwana na hakuwahi kumwambia. Alitaka jambo moja tu: mjane wa Risasi aitazame sanamu aseme, "Ndiye." Mwenyekiti wa kijiji naye alishatamka wazi kwamba mjane akiikataa, inavunjwa.

Picha pekee iliyokuwapo iliishia kiunoni. Uso ulitoka vizuri hadi fundi mwenyewe akashangaa. Miguu sasa! Alifunga nondo, akakunja suruali, akawa anapapasa muundi wake kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipaka saruji kwa mwiko. Akajisifu kimoyomoyo. Saruji ilipokwisha kukauka, akarudi nyuma hadi ukingoni mwa lami aitazame vizuri, na hapo moyo ukampasuka. Risasi, mtu aliyenyooka miguu kama miimo ya mlango, alikuwa amesimama kwa matege. Tena matege ya Vumbi, yale yale ambayo mbuzi angepita katikati bila kuinama.

"Hongera, bwege wewe," akajiambia. "Miguu hii haijawahi kushinda chochote. Leo imeshinda kwa kughushi."

Kabla hajashika nyundo, mwenyekiti akafika na mjane.

"Mbona marehemu kama amepanda punda?" mwenyekiti akauliza.

"Nisamehe, shemeji," Vumbi akasema, macho chini. "Sikuwa na miguu mingine ya kuiga. Nitaivunja mwenyewe."

Mjane akainama, akayashika magoti ya saruji, akacheka hadi machozi yakamtoka. Kicheko kikaisha, machozi yakaendelea.

"Miguu usiiguse, shemeji. Ulichokosea ni shingo."

"Shingo? Nimeitoa kwenye picha!"

"Pale alikuwa amesimamishwa na mpiga picha. Mume wangu alikimbia lini akitazama mbele hivi? Kila mara anageuka nyuma. Akirudi nyumbani mimi ndiye wa kumkanda shingo. Nikimgombeza, ananiambia, 'Nisipomsikia Vumbi nyuma yangu, miguu inaniishia nguvu.'"

Vumbi alikumbuka kule kugeuka. Miaka yote alidhani anachekwa. Akakaa juu ya mfuko wa saruji, mtu mzima na suruali yake iliyokunjwa, akafuta pua kwa kiganja chenye mchanga.

Mwenyekiti akauliza kama sanamu inavunjwa au haivunjwi.

"Sasa uso niugeuzie upande gani?" Vumbi akauliza.

"Nenda kasimame mahali pako," mjane akasema, "nikupimie."

Akainuka na matege yake, akaenda kusimama nyuma ya Risasi.