Maji ya Bluu Hayakufika Karoni

Harufu ya sementi mbichi hunirudisha Shelui, asubuhi ile niliyokaa kwenye kigoda kando ya karo, shimo la majitaka la nyumba yetu, nikisubiri maji ya bluu. Nilikuwa na miaka minane. Bafu letu lilikuwa na harufu ambayo mama alipambana nayo kwa kila sabuni, ikamshinda, hadi baba akaamua likarabatiwe na kuwekwa vigae.

Fundi Shabani alikataa kuweka hata kigae kimoja kabla ya kujua maji yanakwenda wapi. Alikoroga bluu ya kufulia kwenye ndoo, akafunua karo nyuma ya nyumba, akaniambia, "Eliza, ukiona bomba linatoa maji, piga kelele."

Sikuwahi kupewa kazi kubwa kama ile. Nikakaza macho. Nikasikia ndoo ya kwanza ikimwagwa bafuni, ya pili, mpaka ya tano. Karoni mlikuwa na vumbi, utando wa buibui na mjusi aliyejilaza bila wasiwasi. Nikaogopa kwamba labda nimepepesa macho, maji yakapita. Niwaambie ukweli, fundi alipouliza mara ya tatu, nilikaribia kudanganya kwamba nimeyaona.

Mwishowe akavunja sakafu ya bafu. Nilipokwenda kuchungulia, yeye na baba walikuwa wameinamia shimo.

"Bomba limeishia hapa chini ya ukuta, mzee," fundi alisema. "Halikuwahi kufikishwa karoni. Maji yote yanazama upande wa jirani."

Baba alitazama mlangoni kwanza, ndipo akatazama bomba. "Unganisha, ufukie. Mengine tuyaache."

"Baba Eliza, na ule ukuta?" mama aliuliza nyuma yangu.

"Nimesema tuyaache."

Sikuelewa wanachonuniana. Kwangu mimi ilikuwa habari njema: karo letu lilikuwa safi kuliko la mtu yeyote Shelui! Muda si mrefu mama akanipa bakuli, akanituma kwa Mama Halima kuomba chumvi. Nilishangaa, maana chumvi tulikuwa nayo. "Akikuuliza fundi anafanya nini," mama akasema, "mweleze vizuri."

Mama Halima alikuwa jirani yetu, mjane aliyewauzia chapati madereva wa malori. Ukuta wa chumba chake ulilowa chini mwaka mzima, hata kiangazi ambapo Shelui nzima ni vumbi. Kona moja ilikuwa imeporomokea kitanda chake, bahati nzuri yeye akiwa barabarani na chapati zake. Baba, mzee wa kanisa, alimwambia mbele za watu kwamba amejenga juu ya chemchemi, ajilaumu mwenyewe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Fundi wenu anagonga nini tangu asubuhi?"

Nikamweleza yote kwa majivuno: ndoo tano, mjusi, karo lisiloonja tone. "Maji yetu yote yanakuja huku kwako!" nikamalizia, kama niliyemletea zawadi.

Aliacha kusukuma chapati. Akacheka, kisha akajifuta macho kwa ncha ya kanga, nami sikujua nicheke naye au nilie. Akanishika mkono, tukaenda wote kwetu.

Baba alipomwona uani, alivua kofia.

"Baba Eliza," Mama Halima alisema bila kupaza sauti, "nimekuja kuiona chemchemi."

Nilingoja fimbo. Badala yake mama aliniwekea vipande viwili vya nyama, na baba hakunitazama siku tatu. Nilikula bila kujua kama nimefanya vyema au vibaya. Wiki iliyofuata baba alikunja suruali, akabeba matofali yeye mwenyewe, akajenga upya ukuta ule pamoja na fundi, wapita njia wakimshangaa. Walipomaliza alimwambia jirani, "Nisamehe, Mama Halima. Nilisema kabla ya kuangalia."

Nilikuwa nimeshaolewa nilipomuuliza mama kuhusu ile chumvi. Alikuwa anachambua mlenda, wala hakuinua kichwa.

"Ningesema mimi, ningekuwa nimemvua baba yako nguo," alijibu. "Wewe ulikuwa hujui kuficha."

Miaka yote hiyo nilidhani nimetoa siri kwa utoto wangu, kumbe nilitumwa. Na mpaka leo sijui kama nimshukuru kwa kuniamini, au nimlaumu kwa kunitwisha neno ambalo yeye, mtu mzima, alishindwa kulitamka.