Sakafu Iliyokauka Kabla ya Saa Mbili

Wodi yangu ilikuwa ya matumbo. Mwenye vidonda vya tumbo, mwenye macho ya manjano kwa sababu ya ini, mwenye choo kisichotulia au kisichotoka kabisa, wote waliletwa kwangu. Hiyo ilikuwa Kitengela, miaka ya tisini ikienda kuisha, katika hospitali ndogo ambayo ukitazama nje ya dirisha la nyuma ungeona nyumbu wakila nyasi. Mimi nilikuwa sista msimamizi, na nilikuwa na mdomo, sitaficha. Mama mmoja wa vidonda nilimfumania akila pilipili chini ya blanketi, nikamwambia, "Kula tu, mama, lakini andika wosia kwanza." Alicheka mpaka akashika tumbo. Nilijiambia kwamba utani wangu ni nusu ya matibabu.

Aliyekuwa akisafisha wodi alikuwa mjane wa Kimaasai kutoka upande wa Kisaju, mama wa watoto watatu. Hakuwa ameandikwa kazi rasmi. Kibarua chake kilitazamwa upya kila mwisho wa mwezi, na ndicho kilichowalisha wale watoto. Lakini nani angemfuta? Woi, yule mama alikuwa moto! Saa mbili asubuhi, wasafishaji wa wodi nyingine wakiwa bado wanatafuta ndoo zao, sakafu yangu ilikuwa imepigwa deki na kukauka. Alifua mapazia bila kutumwa. Hakukaa chini hata kunywa chai. Aliinywa akitembea, nusu ikimwagika kwenye sahani kwa jinsi mikono yake ilivyokuwa ikitetemeka. Metroni alimwita mfanyakazi bora mbele ya mkutano mzima, na mimi nikapokea zile pongezi kana kwamba nilimzaa.

Alikula pia. Sahani mbili za ugali, halafu anauliza kama kuna ukoko, na bado alikuwa mwembamba, sare imemzidi mwili. Tulimtania kwamba ana minyoo ya ng'ombe. Na ile baridi ya Julai, upepo ukitoka huko uwandani unakata masikio, yeye anafungua madirisha akisema kuna joto. Wagonjwa wakajifunika hadi vichwa. Nikafunga madirisha, naye akayafungua, mpaka nikamwambia nitamhamishia Magadi akaonje joto lenyewe. Tulicheka sana wiki ile.

Siku moja niliwakusanya wanafunzi wa uuguzi katikati ya wodi niwafundishe kuhusu tezi ya shingo, ile ambayo ikivimba watu huiita rovu. Nikawaambia tezi hiyo ikizidisha kazi, mwili wote unaenda mbio. Mtu anakula sana na kukonda. Anasikia joto wakati wengine wanatetemeka. Mikono haitulii, choo ni mara nne kwa siku, moyo unapiga hata akiwa amelala, na akiachwa hivyo huo moyo utachoka na kusimama. Nilikuwa nimenoga, haki ya Mungu. Yule mama akapita na deki yake, akasema, "Inua miguu," wanafunzi wakainua miguu, mimi pia nikainua yangu, na somo likaendelea.

Kwenye kitanda cha dirishani alikuwa amelala koko mmoja, bibi mzee aliyeuza shanga sokoni, amelazwa kwa vidonda vya tumbo. Nilipomaliza kufundisha aliniita kwa kidole. Nikamwamkia, "Takwenya, koko," akaitikia, "Iko," kisha akaelekeza kidole kwa yule mama wa deki.

"Mimi ndiyo nashona shanga ya huyu," akasema. "Hii mwaka moja, nimeongeza mara tatu, anasema inamkaba. Shingo ya mtoto inakua. Huyu ni mama ya watoto tatu. Shingo yake inaenda wapi?"

Nikamwita yule mama, nikamkalisha kwa nguvu kwenye kiti changu, nikafungua kifungo cha sare na kusogeza shanga. Rovu lilikuwa pale, laini, pana, limejificha nyuma ya rangi nyekundu na nyeupe. Nikamwambia ameze mate, likapanda na kushuka. Mapigo yake, mtu ameketi kitako, yalikuwa mia moja na thelathini na ushee. Nyani haoni kundule, lakini huyu nyani alikuwa na cheti ukutani! Miaka miwili nilikuwa nimesifu ugonjwa nikidhani ni bidii.

Daktari alimtuma Nairobi akapimwe damu, akarudi na vidonge vya kutuliza tezi na vingine vya kutuliza moyo. Kila Jumatatu nilimpima uzito, nikahesabu mapigo, nikamuuliza kama koo linamuuma, maana dawa ile ikimkataa mtu huweza kuanzia kooni. Kidogo kidogo akatulia. Mashavu yakarudi. Siku moja nikamkuta ameketi, anakunywa chai, na kikombe hakitetemeki, nikafurahi mpaka nikaenda kumwambia koko, aliyekuwa amekuja kliniki.

Ila sakafu sasa ilikauka saa nne. Wagonjwa wa kliniki walisimama nje wakinung'unika, na metroni akaanza kuuliza maswali. Asubuhi moja nilikuwa na haraka, nikateleza kwenye maji, nikashika ukuta, na mdomo wangu ukafanya kazi yake. "Ai, mama! Afadhali ulipokuwa mgonjwa, tulikuwa tunajiona kwenye hii sakafu!" Wodi nzima ilicheka. Yeye pia alicheka, mkono mdomoni. Kesho yake nikaenda likizo kwa dada yangu Kajiado, wiki tatu za kula nyama na kulala mchana, na sikulikumbuka lile neno hata mara moja.

Nilirudi Jumatatu, saa mbili kasorobo. Sakafu ilikuwa kavu. Iling'aa! Nikatembea juu yake nikijisikia bibi arusi, nikavua koti, nikaanza kuimba kidogo, halafu nikasikia baridi mgongoni. Madirisha yote yalikuwa wazi.

Nilimkuta stoo akikamua deki. Mashavu yalikuwa yamekwenda tena, macho yamemtoka. Nikamshika mkono nikahesabu, na mapigo yakanipita, nikaanza upya, yakanipita tena.

"Dawa iko wapi?"

Akafungua pindo la leso. Vidonge vilikuwa pale, vyote, vimefungwa vizuri.

"Kwa nini, mama? Ulikuwa unapona!"

"Sista, ile dawa inaniletea uvivu. Niko na watoto tatu." Hakuwa na hasira hata kidogo, alikuwa ananieleza tu. "Na wewe ulisema afadhali nikiwa mgonjwa."

Nimetukanwa na walevi, nimetapikiwa damu, nimetupiwa sufuria na mume wa mtu. Hakuna kitu kilichowahi kunipiga namna ile. Nilikuwa nimemfundisha mtu kufa, na wodi ilikuwa imecheka. Nikamwambia, "Nisamehe," neno ambalo sijui kulisema, likatoka kwa shida, na ikabidi nilirudie.

Akaniuliza, "Nikikunywa, mtanifuta?"

"Wakikufuta wewe, wanifute na mimi." Na siku hiyo hiyo nilikwenda kwa metroni nikalisema hilo hilo, kwa sauti iliyofika hadi jikoni, na akaandikwa kazi rasmi kabla ya mwezi kuisha. Lakini hapo stoo hatukuwa tumejua hayo. Nilimletea maji, nikasimama mbele yake mpaka akameza, nikageuza ndoo juu chini nikamkalisha. Kisha nikamshika mkono tena nihesabu.

Alitazama vidole vyangu kwa muda. "Sista," akasema, "leo ni mkono yako inatetemeka."

Nikamwambia anyamaze nihesabu.