Mzee wa Kidato cha Tatu

Nakumbuka siku moja pale Munyaka, mtaa wa Eldoret, mwanangu, na miguu yangu hii isiyotulia hunirudisha huko kila mara. Ni siku niliyorudi shuleni.

Baada ya uhuru Baba alinunua shamba Ainabkoi, tukahama kutoka Nyeri. Nikaacha masomo, nikang'oa visiki na kupanda viazi mpaka ndevu zikaanza kuota. Ndipo Mama Kobilo, mjane aliyefahamiana na Baba sokoni, akamwomba nikae kwake Eldoret nimalize shule. Lugha yetu ya nyumbani haikuwa yake, lakini alinipa chumba cha binti yake aliyeolewa.

Siku hiyo ya kwanza, kaptula ikinibana, wavulana wa kidato cha tatu waliniita Mzee. Mmoja akauliza kama nimemleta mjukuu. Mapumziko yalipofika nikachukua mkoba nikaondoka. Afadhali viazi.

Nilimkuta Mama Kobilo akisugua kibuyu cha maziwa. Nikamweleza yaliyonipata, naye hakuinua macho.

"Leo wamekuita mzee," akasema. "Kesho watakuita tena. Keshokutwa watachoka. Wewe usitangulie kuchoka."

Asubuhi akanisindikiza mpaka langoni, nami nikitamani ardhi inimeze. Wakati wa mapumziko alirudi na mursik, maziwa ya kwao yale ya kugandisha kibuyuni, akawaambia wavulana, "Huyu mzee ni wangu. Anayetaka maziwa amwamkie kwanza."

Wakaniamkia huku wakicheka, nami nikacheka. Yule wa mjukuu aliongezewa kikombe, na baadaye ndiye aliyenifundisha hesabu zilizonipita. Nikamaliza kidato cha nne. Chuoni sikufika, barabara ilinivuta. Lakini kila mji nilioingia, cheti kile kilinifungulia mlango.

Sasa wewe umepata nafasi chuoni baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, na unaona haya kuwazidi wenzako umri. Nenda, mwanangu. Tafuta wa kula nao na kusoma nao. Somo likikushinda, sema mapema. Na siku utakapomwona kijana aliyeacha shule, usimwambie tu arudi. Mfikishe langoni, halafu urudi wakati wa mapumziko uone kama bado yupo.

Jumatatu nitakusindikiza mwenyewe. Wakikucheka kwa sababu yangu, waache wachoke. Mungu akutangulie, na huko uendako akukutanishe na Mama Kobilo wako.