Ester, Nenda Kwenye Mkutano wa Akili Mnemba

Nakumbuka asubuhi moja kule Ilagala, mwanangu Ester, nilipowaangusha wenzangu wote, tena kwa kujifanya mjanja.

Nilikuwa msichana bado, naanika dagaa mchangani. Nchi zinazopakana na ziwa letu zilikuwa zinaandaa sheria ya samaki, wakubwa wakaja wilayani kuchukua maoni. Wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki, wakanichagua nikawasemee, maana mdomo ninao, unanijua. Siku ikafika, jua likawaka vizuri ajabu. Nikajiambia, "Hayo wameshayamaliza huko kwao. Niache dagaa wangu?" Nikabaki nawageuza.

Sheria ikaja: marufuku kuanika chini, ni juu ya vichanja tu, kuanzia siku hiyohiyo. Mbao tutoe wapi? Hakuna aliyekuwa amewaambia kwamba tunahitaji muda wa kujiandaa. Msimu mzima dagaa wetu walikataliwa sokoni. Mama Sakina, mkubwa wetu pale, akanijia mikono kiunoni.

"Tulikutuma utusemee sisi, wewe ukabaki kuhudumia dagaa! Haya, waambie hao dagaa wako wanilishie wanangu."

Jamani, aibu ile! Mpaka leo inaniuma.

Sasa jana umekuja, hata shikamoo hujaimaliza, unaniambia maneno yaleyale. Umeitwa mjini kutoa maoni kuhusu sheria ya akili mnemba, nawe unasema, "Shangazi, Marekani na China wanavutana, Ulaya nao wana sheria yao. Sisi wa Rusimbi, huku Kigoma, ni nani?"

Eti ni nani! Wewe ni Muha. Si ulinieleza mwenyewe kuna mashine zinazomsikiliza mtu akiongea, zikasema katoka wapi? Wakituletea moja iliyofundishwa na watu wasiojua Kiha na Kirundi vinapoachana, si itakuandika Mrundi, mgeni katika nchi uliyozaliwa? Na jirani yetu aliyekimbia vita Burundi, mashine ikimkosea, alalamike kwa nani?

Hao wakubwa wa dunia wanavutana, kila mmoja anataka tunakili sheria yake. Ndiyo maana uende, mwanangu. Rasimu uisome yote. Dai mtu asiamuliwe na mashine bila binadamu wa kumsikiliza na kumrekebishia. Wakisema muda umekwisha, waachie karatasi yenye jina lako. Usikubali kuambiwa mambo yameshaisha na watu ambao bado wanakuuliza.

Mungu akutangulie, akufungue kinywa, akuondolee woga mbele ya wenye suti. Na sheria ikitoka mbaya, asiwepo wa kusema watu wa Kigoma walinyamaza.