Miayo ya Mwanangu

Mwanangu wa kwanza nilimfahamu kwenye simu. Alizaliwa kwa upasuaji hapa Iringa, mimba haijafika hata miezi saba, na siku hiyo hiyo akakimbizwa Mbeya kwa ambulansi, baba yake kakaa mbele na dereva. Mimi nikabaki wodini, presha haishuki, kidonda kinatoa usaha. Siku ya tatu muuguzi wa kule Mbeya akanitumia linki. Juu ya kitanda cha mtoto walikuwa wamefunga kamera, ukibonyeza, unamwona.

Nikabonyeza. Kitu chekundu, mpira puani, plasta nusu ya uso. Nikangoja nisikie ule uchungu wa mama unaosemwa. Wapi! Nilisikia njaa.

Mama yangu ndiye aliyekuwa ananiuguza. Kwetu mtoto haonyeshwi watu kabla kitovu hakijadondoka, na mama hakutaka kusikia habari za kamera. Wanakwaya wenzangu wakija na chupa ya uji, anaidaka simu, anaifunika kwa kitenge, anailaza ubavuni pangu.

"Mtoto kalala," anawaambia.

Nao, jamani, wanapunguza sauti! Siku nyingine ningecheka mpaka nyuzi zikatike. Nilikuwa nawatazama tu.

Wageni wakiondoka tunafunua. Picha haikuwa na sauti, tena ilikuwa inakwamakwama. Kila mara mtoto anafungua mdomo, anafunga, anafungua tena.

"Anapiga miayo," mama akasema. "Mvivu kama babu yake."

Ukawa ndio utani wetu wa kila siku. Mume wangu akipiga kuuliza kama nimemwona mtoto, namjibu nimemwona, anapiga miayo. Anasema haya, anageuza mazungumzo. Madaktari walishamwambia hawaahidi kitu, naye alikuwa ameniambia. Nikakamua maziwa, nikayamwaga, nikanywa uji wangu wote. Nilijiona mchawi.

Wiki ya nne nikaruhusiwa. Nilifika Mbeya mchana, nimejitanda kitenge cha mama, nikanawa mikono mpaka viwiko, nikaketishwa kando ya kitanda, mume wangu kasimama nyuma yangu. Unajua nilifanya nini? Nilitoa simu, nikafungua linki. Nikawa namtazama mwanangu humo, naye yuko hatua moja mbele yangu.

"Mama, weka simu," muuguzi akasema. "Si huyu hapa?"

Kwenye kioo mtoto akafungua mdomo. Na pale kitandani nikasikia kisauti chembamba, kimekauka, kinakatika na kuanza tena.

"Anafanyaje?" nikauliza.

"Analia, mama. Huyu ni mtu wa kulia tangu aletwe. Mchukue."

Nikamwangalia mume wangu. Akainamisha kichwa. Wiki tatu nzima mtoto analia, mimi na mama tunamcheka.

Muuguzi akanilazia mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, akatufunika kwa kitenge cha mama, kile kile cha simu. Mtoto akanyamaza. Mimi ndio nikaanza.